Taa Iliyomwakia Wifi Yangu

Wifi yangu nilimpenda kuliko kaka yangu, na kaka mwenyewe analijua. Kaka nilipewa na wazazi, sikuulizwa. Wifi nilimchagua mwenyewe, siku ya kwanza alipoingia nyumbani kwetu, akalitazama gauni nililokuwa nashona, akasema, "Mkono wa kushoto umeushona kinyume." Nilitaka kumtukana. Nikaangalia, nikakuta kweli. Tangu siku hiyo tukawa chanda na pete, na walipooana nikahamia nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta na wao, ili tusikose kutaniana.

Kwa hiyo anayetaka kuniambia kwamba yaliyompata ni porojo za watu wasio na kazi, aniambie akiwa mbali. Mimi nina mkasi.

Mambo yalianza siku ya kawaida kabisa. Nguo zilikuwa kwenye kamba, watoto wamekwenda shule, na kaka alikuwa anakunywa chai amesimama, mkoba wa vifaa begani. Kaka hutengeneza mashine za ofisini. Watu wote humwita Fundi, isipokuwa mkewe, ambaye alikuwa akimwita Mwenzangu. Asubuhi hiyo alikuwa ameitwa kwenye ghala moja la mizigo ng'ambo ya reli. Printa yao ilikuwa imegoma.

Si printa hizi za siku hizi zinazotema karatasi kimyakimya. Ilikuwa ile ya zamani, ya utepe wa wino, yenye sindano ndogondogo zinazogonga karatasi na kulia mpaka jirani ajue unachapa. Maghala yamezing'ang'ania kwa sababu moja. Karatasi zake huwa tatu zimeshikana, nyeupe juu, ya waridi katikati, ya njano chini, na sindano zikigonga ya juu, maneno hupenya mpaka ya chini. Dereva huchukua yake, mwenye mzigo yake, na ghala hubaki na yake. Bila printa ile hakuna lori lililokuwa linatoka getini.

Jioni kaka alirudi anacheka. Tulikuwa tunakula pamoja, kwangu au kwao ilikuwa mamoja. Akatusimulia jinsi alivyosumbuka. Taa nyekundu ya hitilafu ilikuwa inawaka, ile inayosema karatasi zimekwisha, na karatasi zilikuwepo tele. Akaanza na yale ya kuanzia. Akazima, akasubiri, akawasha. Nyekundu. Akatoa karatasi, akazipanga upya ili matundu ya pembeni yakae sawasawa kwenye meno ya printa. Nyekundu. Akaitafuta ile swichi ndogo inayogusa karatasi, akaisafisha kwa pamba na spiriti. Akabadilisha utepe. Akachomoa waya wa kompyuta, akachomeka mwingine. Mwisho akafungua kifuniko, akamulika kila pembe kwa tochi, na ndani mlikuwa safi kuliko sahani zetu.

"Nikasema basi," kaka alituambia, "niiandikie yale maneno."

Maneno yale yana habari yake. Wifi alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya mawakili kabla hajaolewa. Printa yake iliharibika, kaka akaitwa, akaitengeneza, na badala ya kuijaribu kwa herufi za ovyo kama mafundi wengine, akaandika: Nipo hapa mpenzi, sema nikusikie. Akajifanya ni majaribio tu. Wifi akasoma, akavuta kibodi, akamjibu kwa neno moja: Usiondoke. Harusi ikafuata. Tangu hapo, kila mashine iliyopita mikononi mwa kaka aliijaribu kwa sentensi hiyohiyo, akiamini ina baraka. Wifi alikuwa anajivunia sana. "Maneno yangu," alizoea kuniambia, "yamesomwa na printa za mji mzima."

"Nikaandika kwenye kompyuta yao," kaka aliendelea. "Kabla sijabonyeza kuchapa, taa ikazima. Nawaambieni, kabla. Ikachapa vizuri. Halafu ikachapa mstari wa pili ambao sikuuandika."

"Mstari gani?" wifi aliuliza.

"Usiondoke."

Kaka aliona ni kichekesho. Alidhani ni mabaki ya kazi ya zamani yaliyobaki kwenye kumbukumbu ya mashine. Mimi nikacheka pia, maana ukikaa na kaka yangu utacheka tu. Wifi alirudisha tonge kwenye sahani.

"Hilo ni jibu langu," alisema. "Kalijuaje?"

"Mashine hiyo, mke wangu."

"Mashine haijibu mapenzi."



Wifi alikuwa na wivu, sitamficha. Kaka akichelewa kidogo, alishajua barabara zote alizopita. Akisalimiwa na mwanamke sokoni, siku hiyo chakula kilikuwa na pilipili za ziada. Watu husema mwenye wivu huona visivyokuwepo. Mimi nasema huviona mapema tu.

Kesho yake ghala likapiga simu. Taa ilikuwa imewaka tena, palepale kaka alipovuka geti. Akarudi. Alipoingia ofisini, ikazima. Alipoaga, ikawaka. Mchezo huo ukaendelea siku baada ya siku, malori yakipanga foleni na madereva wakitukana, mpaka meneja akamwomba ahamishie kazi zake zote pale, awe anakaa kando ya mashine. Kaka akakubali. Akawa anaondoka kabla ya chai na kurudi chakula kimepoa. Watoto aliwakuta wamelala, akawaacha wamelala. Na akiongea, ni habari ya printa: leo imechapa vizuri, leo ilikuwa na joto kidogo, leo nimeifuta vumbi ikatulia.

"Nimeletewa mke mwenza," wifi aliniambia, amesimama mlangoni kwangu.

"Mke mwenza wa plastiki huyo," nikamtania. "Hata kupika hajui."

Hakucheka. Alifungua mfuko akatoa shati la kaka, la rangi ya maziwa, nililomshonea mimi mwenyewe. "Wewe ndiye fundi wa nguo," alisema. "Nisomee hili."

Nililitandaza juu ya cherehani. Mgongoni, katikati ya mabega, pale ambapo mtu hawezi kujifikia, kulikuwa na alama nyeusi. Za vidole. Vinne upande huu, vinne upande ule, vyembamba, vya mwanamke. Mtu alikuwa amemkumbatia kwa mbele, mikono yake ikakutana nyuma.

"Karani wa pale?" niliuliza.

"Karani wa pale ni mwanamume. Mikono yake kama chepe."

Nililinusa shati. Ulikuwa wino wa utepe, kaka hurudi nao kila siku kwenye kucha. Lakini chini ya wino palikuwa na harufu ya poda, ile ya kopo waliyokuwa wakipaka wanawake wa umri wa mama yangu. Nililikunja shati upesi nikamrudishia.

Siku iliyofuata, mchana, tulikwenda.

Ghala lilikuwa pana, lenye mizani kubwa sakafuni na magunia yaliyopangwa mpaka karibu na paa. Wapakiaji walikuwa wamekwenda kula. Ofisi ilikuwa chumba kidogo pembeni, chenye dirisha la kioo. Kaka alikuwa ndani peke yake. Hakuwa anatengeneza chochote. Amekaa tu, mkono ameulaza juu ya printa, na macho yamemlegea kama ya mtu anayekunwa kichwa.

Wifi akavuka kizingiti. Taa nyekundu ikawaka.

Akarudi nyuma hatua moja. Ikazima.

Akaingia tena. Ikawaka.

Nikampita, nikaingia mimi. Haikuwaka. Nilisogea mpaka karibu, nikainama, nikaichungulia. Kimya. Mimi haikunihesabu kabisa. Dada wa mtu si mshindani.

"Mwenzangu," wifi aliita kutoka mlangoni. "Twende nyumbani."

Kaka hakugeuka. "Usisogee," alinong'ona. "Anakasirika."

Nilihisi mtu ananivuta mkono kwa nyuma. Alikuwa mama mfagiaji wa pale, mtu mzima, fagio kwapani. Alinitoa mpaka kwenye korido, akanisogelea sikioni.

"Huyu kaka yako, aliiambia nini ile mashine?"

Nikamwambia. Mama yule akafumba macho.

"Basi ndiyo maana," alisema.

Akaniambia kwa kifupi, akiangalia huku na huku. Printa ile ilikuwa na mwenyewe. Dada mmoja karani, waliyekuwa wakimwita Dada Nakala, kwa sababu kila mtu aliyepita alimdai nakala yake. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Aliifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, akaifuta kila asubuhi, akaisemesha. Hakuolewa. Wenzake walimcheka. Yeye aliwajibu kwamba akitokea mtu mmoja wa kumwambia neno tamu, hata moja, hatabanduka kwa huyo milele. Hakutokea. Alikufa palepale kwenye kiti, na waliokuja kumchukua walipata kazi kuutoa mkono wake kwenye kifuniko.

"Tangu hapo ni taa tu," mama yule alisema. "Mafundi wengi wamepita. Wote waliitukana. Huyu wenu ndiye wa kwanza kuiita mpenzi."

"Tufanyeje?"

"Mchukueni mwanamume mwondoke. Lakini huyo mke asiseme nayo kitu. Asiiandikie. Mtu akimjibu, amemfungulia mlango."

Nikakimbia kurudi. Nilichelewa.

Wifi alikuwa ameshakaa kwenye kibodi. Alikuwa amemsukuma kaka na kiti chake mpaka ukutani, na kaka alikuwa ameinamisha kichwa kama amesinzia. Taa nyekundu ilikuwa inawaka bila kupepesa. Kile kichwa cha printa chenye sindano kilikuwa kinakwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, bila kuchapa kitu. Kama mtu anayetembea chumbani kwa hasira.

"Wifi, acha," nilimwambia. "Usiiandikie."

"Dawa ya moto ni moto," alijibu. Vidole vyake vilikuwa vinaruka kwenye kibodi. Mpiga chapa ni mpiga chapa. "Imemwiba kwa maneno yangu. Itamrudisha kwa maneno yangu."

Nilisoma kwenye kioo cha kompyuta alichoandika. Huyu ana mwenyewe. Mwenyewe ni mimi.

"Wifi, nakuomba."

Akabonyeza.

Mashine ilichapa neno la kwanza. Ikachapa la pili. Karatasi ikajikunja, ikakwama. Na hapo wifi akafanya kile ambacho wapiga chapa wote wa zamani hukifanya bila kufikiri, ile tabia yao ya kutosubiri kuzima. Alifunua kifuniko, akatia mkono, akavuta.

Kichwa kilirudi.

Kilikuja kwa kasi ambayo mashine ile haina. Kikambana kidole kwenye rola. Sindano zikaanza kugonga. Niliusikia mlio ukibadilika. Haukuwa tena mlio wa karatasi. Ulikuwa mzito. Laini. Kikagonga kwenda, kikagonga kurudi, mstari baada ya mstari.

Wifi hakupiga kelele.  Alikuwa ananitazama. Nilimwona akinitazama. Halafu nikamwona akiendelea kunitazama, lakini hakuwa ananijua.

Niling'oa waya ukutani. Mashine iligonga mistari mingine kadhaa kabla ya kusimama.

 Taa ilikuwa imezima. Kaka akainua kichwa, akajinyoosha, akatushangaa. "Mmekuja lini?" aliuliza. Ilikuwa sauti yake ya zamani, na mimi nilikaribia kulia kwa furaha.

Nilimfunga wifi kidole kwa leso. Alikuwa ametulia, hatetemeki. Alikitazama kidole chake, akakigeuzageuza, kama mtu anayejaribu viatu vipya.

Mashine haikuwaka tena tangu siku hiyo. Kaka aliijaribu mara moja, meneja akachoka, akanunua nyingine ya mtumba, na ile wakaitupa stoo. Kidole kilipona haraka. Yalibaki madoa meusi tu chini ya ngozi, madogo kama ncha za sindano, hayatoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Kaka akarudi kwenye maisha yake. Akawa anakula nyumbani, anacheza na watoto. Majirani wakasema kweli, mapenzi yamehuika. Na mimi wiki ya kwanza nilikuwa mstari wa mbele kushukuru.

Kisha nikaanza kuona mambo.

Alikuwa anamwita kaka Fundi. Si Mwenzangu, Fundi, kama watu wa nje. Aliniuliza sukari inakaa wapi, jikoni kwake mwenyewe. Nilimtania kuhusu unene wake, akaniangalia tu, akisubiri nimalize. Alinunua poda ya kopo. Mtoto wao mdogo wa kike alianza kukataa kuchanwa nywele naye, akawa anakuja kwangu na chanuo mkononi. Nilipomuuliza sababu, alisema mama anachana kama anafuta vumbi.

Na wivu ulikuwa umeisha. Kaka alisalimiwa na wanawake barabarani, akacheka nao, na mkewe alisimama pembeni ametulia. Alikuwa na kile alichokitaka. Alikuwa hamwachi. Kaka akienda bafuni, anasimama nje ya mlango. Kaka akilala mchana, anakaa kitandani kando yake, mkono juu ya mgongo wake, saa nzima, bila kujikuna.

"Mke wangu ametulia," kaka aliniambia. "Siku hizi nina raha, dada. Wivu wote umekwisha."

Nilitaka kumzaba kibao. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko kidole, kuliko poda. Mwanamke aliyempenda mpaka akaingiza mkono kwenye mdomo wa mashine kwa ajili yake, na mwanamume hakugundua kwamba hayupo. Sasa mwenye wivu ni mimi. Nikiwaona barazani wamekaa bega kwa bega, roho inanichoma kwa niaba ya mwenye nafasi ile. Gauni alilovaa nilimshonea wifi. Kicheko anachochekewa ni cha wifi.

Siku moja nilimkuta peke yake anaanika nguo. Nikamsogelea. "Wifi yangu yuko wapi?" niliuliza kwa sauti ya chini.

Aliendelea kuanika. Alibana shati la kaka kwa vibanio viwili, akalinyoosha.

"Shona nguo zako, dada," alinong'ona. "Mimi nimengoja kuliko nyinyi wote."

Wifi hakuwahi kuniita dada.

Nilimwacha na nguo zake kwenye kamba nikaenda moja kwa moja ghalani. Nilimwambia mtunza stoo kwamba nataka kuiona printa ya zamani, labda nitainunua kwa ajili ya vipuri. Akaniangalia kwa mashaka.

"Ukiichukua utakuwa umenisaidia," alisema. "Inanichosha."

Ilikuwa sakafuni, kwenye kona, kati ya viti vilivyovunjika na feni mbovu. Vitu vyote vilikuwa na vumbi. Haina waya. Walishauchomoa wakautumia kwingine. Na chini yake palikuwa na maji. Dimbwi dogo, safi.

"Paa halivuji," mtunza stoo alisema, "na bomba halipiti hapa. Nafuta kila asubuhi. Nikirudi nakuta." Akaondoka kwenda kumfungulia mtu mlango wa nyuma.

Nilichuchumaa. Nikachovya kidole kwenye maji yale, nikakiweka kwenye ulimi. Yalikuwa na chumvi. Yalikuwa na uvuguvugu.

 Nikakaa chini palepale kwenye saruji, nikaanza kuisimulia habari za nyumbani. Nikasema kaka hajambo. Nikasema mkubwa amefaulu hesabu. Nilipofika kwa yule mdogo, kwamba siku hizi namchana mimi, na bado anauliza mama atarudi lini, maji yalianza kutembea sakafuni, polepole, mpaka yakafika kwenye vidole vya miguu yangu.